KUTAFUTA HITILAFU KATIKA PICHA ZA SETELAITI

Katika sura hii utajifunza jinsi picha za ardhi zinavyopigwa kutoka angani, jinsi zinavyofika katika kompyuta, na jinsi ya kutafuta hitilafu picha hizo zisipofika au zinapofika zikiwa na kasoro.

1. Kwa nini tunahitaji picha kutoka angani?

Mlima Meru una urefu wa zaidi ya mita 4,500 kutoka usawa wa bahari. Miteremko yake ya kusini hupata mvua nyingi, na huko kuna mashamba ya migomba na kahawa. Upande wa kaskazini-magharibi hupata mvua kidogo. Oldonyo Sambu iko upande huo, kando ya barabara itokayo Arusha kwenda Namanga. Neno "oldonyo" katika lugha ya Kimaasai lina maana ya mlima. Watu wa huko hulima mahindi na maharage. Pia hufuga ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda.

Wakati wa kiangazi nyasi hukauka. Wafugaji hulazimika kuamua wapeleke mifugo yao wapi. Tangu zamani, wazee huwatuma watu kwenda kuangalia malisho na maji kabla ya kuhamisha ng'ombe. Hiyo ni njia nzuri, lakini huchukua siku nyingi. Uamuzi ukikosewa, hasara yake ni kubwa. Mwaka 2009 ukame mkali uliua mifugo mingi sana katika wilaya za kaskazini mwa Tanzania, kama vile Longido na Monduli.

Siku hizi iko njia nyingine ya kusaidia. Setelaiti hupita juu ya nchi yetu na kupiga picha za ardhi. Kwa picha hizo tunaweza kuona mahali palipo na majani mabichi na mahali palipokauka. Lakini picha yenye kasoro inaweza kuwapoteza watu. Kwa hiyo, ni lazima anayetumia picha hizo ajue kuzikagua.

2. Setelaiti ni nini?

Setelaiti ni kitu kinachozunguka sayari. Mwezi ni setelaiti ya asili ya dunia. Setelaiti nyingine zimetengenezwa na binadamu na kurushwa angani kwa roketi.

Tarehe 23 Julai 1972 Marekani ilirusha setelaiti ya kuchunguza ardhi ambayo baadaye iliitwa Landsat 1. Nyingine ziliifuata. Landsat 8 ilirushwa mwaka 2013, na Landsat 9 mwaka 2021. Setelaiti hizi mbili zipo juu kiasi cha kilometa 705. Kila moja huizunguka dunia mara moja kwa dakika 99 hivi, na hurudi juu ya mahali palepale baada ya siku 16.

Nchi za Ulaya nazo zina setelaiti ziitwazo Sentinel-2. Ya kwanza ilirushwa mwaka 2015. Hizi zipo juu zaidi, kiasi cha kilometa 786. Umbali huo unazidi urefu wa barabara kutoka Arusha hadi Dar es Salaam. Setelaiti mbili za aina hii zikifanya kazi pamoja, mahali pamoja hupigwa picha kila baada ya siku 5. Oldonyo Sambu hupigwa picha asubuhi, kabla ya saa sita mchana.

3. Picha ni namba

Setelaiti haipigi picha kwa karatasi. Huigawa ardhi katika miraba midogo iliyo sawa. Kisha hupima mwanga unaoakisiwa kutoka katika kila mraba, na kuuandika kwa namba. Mraba unaoakisi mwanga mwingi hupewa namba kubwa. Mraba wenye giza hupewa namba ndogo.

Katika picha za Sentinel-2, mraba mdogo kabisa una upande wa mita 10. Katika picha za Landsat, mraba wa kawaida una upande wa mita 30. Fikiria uwanja wa mpira wenye urefu wa mita 100 na upana wa mita 60. Uwanja huo utaingia katika miraba 60 ya Sentinel-2, lakini katika miraba 7 hivi tu ya Landsat. Hutaweza kumwona ng'ombe mmoja katika picha hizi, lakini utaweza kuliona shamba, msitu au mbuga ya malisho.

Je, tunawezaje kujua kwamba mraba fulani una majani mabichi? Umekwisha kujifunza kwamba majani hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula cha mmea. Majani mabichi hunyonya sehemu kubwa ya mwanga mwekundu. Lakini iko aina nyingine ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho yetu. Mwanga huo majani mabichi huuakisi kwa wingi. Setelaiti hupima mwanga wa aina zote mbili.

Wataalamu huchukua tofauti ya namba hizo mbili na kuigawanya kwa jumla yake. Jibu huitwa kipimo cha ukijani. Chukua mfano wa mraba mmoja wa malisho:

Mwanga usioonekana: 3,000
Mwanga mwekundu: 1,000
Tofauti: 3,000 - 1,000 = 2,000
Jumla: 3,000 + 1,000 = 4,000
Kipimo cha ukijani: 2,000 ÷ 4,000 = 1/2

Kipimo kikikaribia 1, majani ni mengi na mabichi. Kikikaribia 0, ardhi ni tupu au majani yamekauka. Ukumbuke mfano huu, kwani tutautumia tena.

4. Safari ya picha

Picha husafiri kwa hatua nne mpaka kutufikia.

Hatua ya kwanza: Setelaiti hupima mwanga na kuhifadhi namba zake.

Hatua ya pili: Setelaiti hutuma namba hizo kwa mawimbi ya redio. Antena kubwa zilizoko ardhini huzipokea. Kituo kimoja cha kupokelea kipo Svalbard, kaskazini kabisa mwa nchi ya Norwei. Setelaiti hizi hupita karibu na ncha za dunia katika kila mzunguko, kwa hiyo kituo kilichoko karibu na ncha huzipata mara nyingi kwa siku.

Hatua ya tatu: Namba hupangwa, hukaguliwa na kuwekwa katika hifadhi. Hifadhi ni kompyuta nyingi zenye nafasi kubwa ya kutunza mafaili. Picha za Landsat zilianza kutolewa bure kwa watu wote mwaka 2008. Picha za Sentinel-2 nazo hutolewa bure.

Hatua ya nne: Mtumiaji huomba picha kwa njia ya intaneti. Faili hutoka katika hifadhi na kuingia katika kompyuta yake. Kazi hiyo huitwa kupakua, kama vile mizigo inavyopakuliwa kutoka katika lori.

Mzigo huu si mdogo. Faili moja la Sentinel-2 huonyesha eneo lenye upande wa kilometa 110 hivi. Katika aina moja tu ya mwanga, eneo hilo lina miraba zaidi ya milioni 120.

5. Programu ni orodha ya maagizo

Mtu anaweza kupakua picha moja kwa mkono wake. Lakini kama anataka picha za kila baada ya siku 5 kwa mwaka mzima, kazi hiyo itamchosha. Kwa hiyo huandika programu. Programu ni orodha ya maagizo ambayo kompyuta huyafuata moja baada ya jingine. Programu ya kupakua picha za Oldonyo Sambu inaweza kuwa na maagizo kama haya:

1. Ingia katika hifadhi kwa jina na neno la siri.
2. Tafuta picha za mahali hapa: latitudo -3.2, longitudo 36.7.
3. Chagua picha zilizopigwa kuanzia 2025-08-01 hadi 2025-08-31.
4. Acha picha ambazo zaidi ya sehemu 20 katika kila 100 zimefunikwa na mawingu.
5. Pakua faili la kila picha iliyobaki.
6. Linganisha ukubwa wa faili lililofika na ukubwa wa faili lililoko katika hifadhi.
7. Andika: "Kazi imekwisha."

Katika programu halisi, maagizo haya huandikwa kwa lugha maalumu ya kompyuta, lakini maana yake ni hiyohiyo.

Kumbuka jambo moja kubwa. Kompyuta hufanya ulichoandika. Haijui ulichokusudia. Ukimtuma ndugu yako dukani na kukosea kulitaja jina la duka, huenda atatambua kosa lako na kwenda mahali panapofaa. Kompyuta haifanyi hivyo. Itakwenda palepale ulipoitaja, hata kama ni baharini.

6. Kanuni za kutafuta hitilafu

Katika somo la umeme ulitumia tochi. Tochi isipowaka, hatuitupi. Tunatazama betri, kisha glopu, kisha swichi. Tunabadilisha kitu kimoja, tunajaribu, ndipo tunabadilisha kingine. Tukibadilisha vyote kwa pamoja, tochi itawaka, lakini hatutajua kilichokuwa kibovu.

Hitilafu katika programu hutafutwa kwa njia hiyohiyo. Fuata kanuni hizi:

(a) Soma ujumbe unaotolewa na kompyuta. Usiufute kabla ya kuuelewa.
(b) Jiulize: kazi imekwama katika agizo la ngapi?
(c) Jaribu kwa kitu kidogo kwanza. Pakua picha moja kabla ya kupakua mia.
(d) Badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha jaribu tena.
(e) Andika katika daftari ulichobadilisha na kilichotokea.

Hitilafu ni za aina mbili. Ya kwanza huzuia picha isifike. Ya pili huleta picha, lakini picha hiyo si sahihi. Utaona kwamba aina ya pili ni ya hatari zaidi.

7. Picha isipofika

Kwanza hakikisha kwamba kompyuta ina umeme na kwamba intaneti inapatikana. Jaribu kufungua ukurasa mwingine wowote. Usipofunguka, programu yako haina kosa. Tengeneza kwanza njia ya intaneti.

Ikiwa intaneti inapatikana, soma ujumbe. Mara nyingi hifadhi hujibu kwa namba. Namba hizi zina maana moja duniani kote:

401: Hujajitambulisha, au neno la siri si sahihi.
404: Kitu ulichoomba hakipo mahali ulipokitaja.
429: Umeomba mara nyingi mno kwa muda mfupi. Subiri.

Tuseme umeona namba 401. Usianze kubadilisha tarehe wala latitudo. Tazama agizo la kwanza, kwa sababu ndilo linalohusu jina na neno la siri. Huenda umeandika herufi kubwa badala ya ndogo. Namba 429 nayo haihitaji ubadilishe maneno ya siri. Inahitaji programu ipumzike kidogo kabla ya kuomba picha inayofuata.

Wakati mwingine programu iliyofanya kazi vizuri jana hukataa kufanya kazi leo, ingawa hakuna aliyeigusa. Jambo kama hilo lilitokea duniani kote mwaka 2023. Hifadhi ya zamani ya picha za Sentinel ilifungwa mwishoni mwa mwezi wa Oktoba mwaka huo, na nafasi yake ikachukuliwa na hifadhi mpya yenye anwani nyingine. Programu zote zilizokuwa na anwani ya zamani zilikwama. Hakuna herufi hata moja iliyokuwa imebadilika ndani yake. Kilichobadilika kilikuwa nje. Barua nzuri haimfikii mtu aliyekwisha hama.

Huenda pia faili likafika nusu. Umeme ukikatika au intaneti ikipotea, upakuaji hukoma katikati. Faili litaonekana katika kompyuta, lakini halitafunguka, au sehemu ya chini ya picha itakuwa tupu. Ndiyo maana programu yetu ina agizo la 6. Mwenye duka huhesabu magunia yanaposhushwa. Nasi tunapima faili linapofika. Ikiwa ukubwa haulingani, faili hilo lifutwe na kupakuliwa upya.

Mwisho, hakikisha kwamba kompyuta ina nafasi. Debe lililojaa halipokei maji mengine.

8. Picha ikifika lakini si sahihi

Sasa tazama hitilafu ambazo kompyuta haizitangazi. Programu inaandika "Kazi imekwisha," na picha ipo. Lakini je, ni picha ya mahali tulipotaka, na ya siku tuliyotaka?

Kosa la mahali. Oldonyo Sambu iko karibu na latitudo nyuzi 3.2 kusini ya Ikweta, na longitudo nyuzi 36.7 mashariki. Katika kompyuta, upande wa kusini huonyeshwa kwa alama ya kutoa. Kwa hiyo tunaandika latitudo -3.2. Tuseme mtu amesahau alama hiyo na kuandika 3.2. Kompyuta itakwenda kaskazini ya Ikweta, nyuzi zilezile 3.2. Mahali hapo pako kaskazini mwa Kenya, mashariki ya Ziwa Turkana, katika nchi kame sana. Picha itafika ikiwa safi na bila mawingu. Atakayeitazama ataona ardhi ya kahawia, na anaweza kusema kwamba malisho ya Oldonyo Sambu yamekwisha kabisa. Alama moja ndogo imemhamisha zaidi ya kilometa 700.

Kosa jingine ni kubadilishana kwa namba. Mtu akiandika latitudo 36.7 na longitudo 3.2, atapata picha ya mji wa Algiers, nchini Algeria. Akiandika latitudo 36.7 na longitudo -3.2, atapata bahari, kusini ya pwani ya Hispania.

Je, utajuaje? Tafuta alama unayoifahamu. Mlima Meru ni alama nzuri. Kilele chake kina bonde kubwa lenye umbo la kwato ya farasi, lililofunguka upande wa mashariki. Ukiliona bonde hilo, na Oldonyo Sambu ikawa upande wa kaskazini-magharibi yake, picha yako ni ya mahali panapotakiwa.

Kosa la tarehe. Sisi tukiandika 05/08 tuna maana ya tarehe 5 mwezi wa Agosti. Wamarekani huanza na mwezi. Kwao 05/08 ni tarehe 8 Mei. Katika Oldonyo Sambu tofauti hiyo ni kubwa. Mwezi wa Mei ni mwisho wa masika, na nyasi huwa mbichi. Mwezi wa Agosti ni kiangazi, na nyasi huwa zimekauka. Mtu anayetaka kujua hali ya Agosti akiletewa picha ya Mei, atadanganyika. Kwa hiyo katika kompyuta tunaandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku: 2025-08-05.

Mawingu. Mlima Meru mara nyingi huvaa mawingu. Setelaiti hizi haziwezi kuona chini ya wingu. Zaidi ya hayo, wingu hutupa kivuli juu ya ardhi, na kivuli hicho huonekana cheusi kama maji. Usikiite bwawa kabla ya kutazama kama liko wingu karibu yake.

Hitilafu ya chombo. Tarehe 31 Mei 2003 kifaa kimoja ndani ya setelaiti ya Landsat 7 kiliharibika. Tangu siku hiyo picha zake zilikuwa na mistari mitupu, na sehemu 22 hivi katika kila 100 za picha zilikosekana. Mtu anayepakua picha ya Landsat 7 ya mwaka 2005 ataiona mistari hiyo. Hata akiandika programu yake upya mara kumi, mistari haitaondoka. Hitilafu haiko katika kompyuta yake. Iko katika hatua ya kwanza ya safari, juu angani.

9. Namba 1,000 iliyoongezwa

Hitilafu ifuatayo ni ngumu kuigundua kuliko zote, kwa sababu picha huonekana nzuri.

Tarehe 25 Januari 2022 Shirika la Anga la Ulaya lilianza utaratibu mpya wa kuandika namba za picha za Sentinel-2. Kila namba iliongezewa 1,000. Sababu yake ilikuwa nzuri. Baadhi ya miraba yenye giza ilikuwa ikipata namba zilizo chini ya sifuri, na namba hizo zilikuwa zikipotea. Kwa kuongeza 1,000, hazikupotea tena. Shirika lilitangaza kwamba kila mtumiaji aondoe 1,000 kabla ya kufanya hesabu zake.

Sasa tuseme programu ya zamani haikurekebishwa. Turudi kwenye mfano wetu wa malisho. Nyasi ni zilezile, lakini namba zimeongezewa 1,000:

Mwanga usioonekana: 4,000
Mwanga mwekundu: 2,000
Tofauti: 4,000 - 2,000 = 2,000
Jumla: 4,000 + 2,000 = 6,000
Kipimo cha ukijani: 2,000 ÷ 6,000 = 1/3

Umeona? Tofauti haikubadilika, lakini jumla imeongezeka. Kipimo kimeshuka kutoka 1/2 hadi 1/3, ingawa hakuna jani hata moja lililokauka. Mtu anayelinganisha picha ya Desemba 2021 na ya Februari 2022 angeweza kusema kwamba malisho yameharibika. Wafugaji wangeweza kuhamisha ng'ombe na kuacha nyasi nzuri nyuma yao. Programu haikukwama, na wala hakuna ujumbe wa kosa uliotolewa.

Kwa hiyo, usifurahi kwa sababu tu programu imemaliza kazi. Jiulize kila mara: je, jibu hili linafanana na hali halisi?

10. Jaribio: Kutuma picha kwa namba

Vitu vinavyohitajika: karatasi mbili zenye miraba, penseli mbili.

Utaratibu:
1. Wanafunzi wawili wakae huku wamepeana mgongo. Mmoja ni setelaiti, na mwingine ni kompyuta.
2. Setelaiti asome namba zifuatazo, safu moja baada ya nyingine:

0 0 0 1 0 0 0
0 0 1 1 1 0 0
0 1 1 1 1 1 0
1 1 1 1 1 1 1

3. Kompyuta apake rangi mraba wenye 1, na aache wazi mraba wenye 0.
4. Mwisho, setelaiti ataje jumla ya namba zote, yaani 16. Kompyuta ahesabu miraba aliyoipaka rangi.
5. Rudieni tena, lakini safari hii setelaiti aruke safu ya tatu kwa makusudi bila kusema. Kompyuta ahesabu tena.

Mliona nini? Katika mara ya kwanza mlipata mchoro wa mlima, na hesabu ililingana. Katika mara ya pili mlipata miraba 11 badala ya 16. Mchoro bado ulifanana na mlima, lakini hesabu ilionyesha kwamba kuna kitu kilichopotea njiani. Hivyo ndivyo kompyuta inavyoweza kugundua faili lisilokamilika.

11. Picha na macho ya watu

Picha ya setelaiti haichukui nafasi ya mtu anayeijua ardhi. Setelaiti huonyesha ukijani, lakini haisemi kama majani hayo ni nyasi nzuri au ni vichaka visivyoliwa na ng'ombe. Mfugaji anajua. Kwa hiyo wataalamu huenda mahali penyewe, hutazama ardhi, huwauliza wenyeji, na kulinganisha majibu yao na picha. Picha na maneno ya wenyeji yasipopatana, hapo ndipo pa kuanza kutafuta hitilafu.

Katika Afrika Mashariki kazi ya kuwafundisha wataalamu wa picha hizi hufanywa, pamoja na mahali pengine, katika kituo cha ramani na rasilimali kilichoko Nairobi. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1975, na Tanzania ni mwanachama wake. Huenda siku moja nawe utajifunza kazi hiyo.

Muhtasari

1. Picha ya setelaiti ni namba zinazopima mwanga unaoakisiwa na ardhi.
2. Picha hupita hatua nne kabla ya kutufikia. Hitilafu yaweza kutokea katika hatua yoyote.
3. Kompyuta hufuata maagizo kama yalivyoandikwa.
4. Tafuta hitilafu kwa utaratibu, ukibadilisha jambo moja kwa wakati mmoja.
5. Picha iliyofika inapaswa kukaguliwa: mahali, tarehe, mawingu na namba zake.
6. Hakikisha majibu yako kwa kutazama ardhi yenyewe na kuwauliza wanaoishi hapo.

Maswali

1. Setelaiti ni nini? Taja setelaiti moja ya asili na mbili zilizotengenezwa na binadamu.
2. Kwa nini upande wa kaskazini-magharibi wa Mlima Meru una malisho makavu kuliko upande wa kusini?
3. Eleza hatua nne za safari ya picha.
4. Setelaiti ilipita juu ya Oldonyo Sambu tarehe 1 Agosti. Ikiwa picha hupigwa kila baada ya siku 5, taja tarehe nyingine zote za mwezi huo ambazo picha zitapigwa.
5. Programu imekwama na kutoa namba 401. Utatazama agizo la ngapi kwanza? Kwa nini?
6. Mwanafunzi alipata picha ya nchi kame iliyo mashariki ya Ziwa Turkana badala ya Oldonyo Sambu. Alisahau nini?
7. Kwa nini ni kosa kubadilisha mambo matatu kwa pamoja unapotafuta hitilafu?
8. Picha ya mwaka 2023 ina mraba wa malisho wenye mwanga usioonekana 5,000 na mwanga mwekundu 2,000. Tafuta kipimo cha ukijani (a) bila kuondoa 1,000, (b) baada ya kuondoa 1,000 katika kila namba. Jibu lipi ni sahihi?
9. Tafuta katika ramani latitudo na longitudo za mahali unapoishi. Ziandike kama zinavyoandikwa katika kompyuta.
10. Waulize wazee wa kijijini au mtaani kwenu ni miezi ipi nyasi huwa mbichi na ni miezi ipi hukauka. Andika majibu yao katika daftari. Je, yangekusaidiaje kukagua picha ya setelaiti?